Karantini ya Siku Tatu

Mtu akiniuliza kazi yangu, humjibu kwamba nina steshenari Kanyenye. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Hilo ni kweli, na humtosha. Kazi yangu ya pili huwa siitaji, maana kuieleza kunachukua muda mrefu kuliko kopi aliyokuja kutoa.

Natunza antivairasi. Ni programu huria: haiuzwi, na maandishi yaliyoiunda, yaani msimbo wake, yamewekwa hadharani ili anayeweza ayasome na anayeona kasoro apendekeze dawa. Wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na wengi wao sijawahi kuwaona hata kwa picha. Sehemu yangu ni moja tu, tena imechakaa. Nahakikisha kila toleo jipya linafanya kazi kwenye ule mfumo wa zamani wa kompyuta ambao waliouuza waliacha kuushughulikia miaka mingi iliyopita.

Watu huuliza nani bado anautumia mfumo huo. Sisi tunautumia. Mashine ya kubandika lebo kwenye chupa za asali inautumia, kwa sababu programu yake haikuandikwa upya. Mashine ya kudarizi kanzu inautumia, kwa sababu hiyo hiyo. Chuma ni kizima, sindano zinapiga, mota haijachoka. Ukiiwekea kompyuta mpya, mashine inakaa kimya kama mgeni aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Basi kompyuta kuukuu inabaki, na virusi vinaijua njia yake vizuri kuliko sisi.

Sikuandaliwa kwa kazi hii. Nilikuwa kidato cha pili mama alipomfuata baba kaburini, na nyumbani kwetu Lusu walibaki wadogo zangu wawili ambao kila asubuhi walinitazama usoni kuona kama kuna kitakachopikwa. Nikaacha shule. Nililifikiria jambo hilo jioni moja, na kulipokucha nilikuwa shambani. Baadaye nilikuja Tabora mjini, nikaajiriwa kusimama kwenye mashine ya kopi, na miaka ilivyokwenda nikapata chumba changu na mashine yangu. Wadogo walisoma. Wa kiume sasa yuko mbali na kazi yake, na wa kike ni mwalimu wa shule ya msingi huko huko Lusu, na hunisahihishia Kiingereza changu bila huruma.

Antivairasi iliingia maishani mwangu kupitia flashi. Mwenye steshenari anashika flashi za mji mzima, na kirusi kimoja kilikuwa kimezizoea zote. Kilificha mafaili yako na mahali pake kikaweka programu zake chenyewe, kila moja na jina la faili lililofichwa. Ukibonyeza ukidhani unafungua kazi yako, umekiamsha. Nimeona mwanachuo akilia mbele ya kaunta yangu kwa ajili ya kurasa ambazo bado zilikuwa humo humo, zimefichwa tu. Nikatafuta dawa ya bure, nikaipata, tukakaa nayo vizuri. Halafu siku moja ikaniandikia kwamba toleo jipya halikubali mfumo wangu.

Nilikasirika kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba ya jirani. Katika kutafuta wa kumlalamikia ndipo nikakuta kwamba mlango wenyewe haukuwa na kufuli, msimbo wote uko pale, usome. Nikauchapa nyuma ya kopi zilizoharibika na kuusoma wateja wakipungua, kamusi pembeni, kalamu mdomoni. Tangu tumbaku ilipopandwa hadi ilipovunwa nilikuwa natafuta mahali pamoja tu, pale programu inapouomba mfumo wa zamani kitu ambacho haunacho. Nilipopaona nilicheka peke yangu. Rekebisho lilikuwa mstari mmoja. Nikautuma, na msimamizi mkuu wa programu, mtu wa nchi ya theluji, akajibu kwa neno moja la shukrani na kuupokea. Siku hiyo niliwatolea kopi wateja watatu bure na hawakujua kwa nini.

Nikaendelea hivyo, mstari huu leo, mistari mitatu mwezi ujao. Kisha msimamizi mkuu akatangaza kwamba mfumo wa zamani utaondolewa kabisa kwenye toleo linalofuata, kwa sababu hakuna mtu wa kuubeba: kila kitu kipya kinakwama kwake, na anayekwamua leo kesho hayupo. Akasema kama yupo atakayeushika na kuwajibika kwa kila kinachoharibika, ajitokeze.

Nilimpigia simu mdogo wangu mwalimu.

"Dada, unajua unachokiomba?" alisema. "Hao watu wana digrii za hicho kitu."

"Hawana mashine ya kudarizi. Niandikie vizuri."

"Sema basi."

"Andika: ninazo kompyuta za kujaribia, na sitaondoka."

"Hayo tu?"

"Ongeza shikamoo."

"Hawana shikamoo hao, dada!"

Akaandika bila shikamoo. Nikapewa.

Sasa niseme habari za fundi wa kudarizi, maana kompyuta yake ndiyo ya kwanza niliyokuwa nikijaribia kila toleo. Karakana yake iko nyuma ya duka langu, hatua chache. Ni mzee kuliko ambavyo baba yangu angekuwa, amezaliwa Tabora na baba yake alizaliwa Tabora, lakini babu yao alikuja na misafara kutoka pwani, Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu tuliurithi kwenye njia ile ile waliyopita wao na wazee wetu, mizigo kichwani. Asubuhi yetu huanza kwa adabu, salamu ya Kiswahili kisha ya Kinyamwezi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka?"

"Mwangaluka. Vipi, hujapata nauli ya kurudi kwenu pwani?"

"Nitarudije nami namngoja mpagazi wa kunibebea mizigo? Nyinyi wapagazi siku hizi mnajifanya mnajua kompyuta."

"Tulibeba pembe za ndovu, kompyuta itatushinda?"

"Mlibeba huku mnakula michembe, viazi vyenu vikavu, njia nzima. Ndiyo maana hamkufika haraka."

Mtani huchukua kitu cha mwenzake na hakuna kesi. Sisi wawili tulikuwa na sheria yetu ya ziada: aliyechukuliwa akiuliza, ameshindwa. Aliwahi kuchukua mwavuli wangu, nikalowa mvua wiki nzima bila kuuliza, nikajibu kwa kuchukua mkasi wake mkubwa. Mwisho wake hurudishiana kwa vicheko na sahani ya pilau.

Toleo la kwanza chini ya mkono wangu lilitoka Jumatatu. Nililionea fahari kwa sababu lilikuwa na kitu changu mwenyewe, amri ya kukikomesha kirusi cha flashi kwenye mfumo wa zamani. Niliiambia programu hivi: ukikuta faili lililofichwa ambalo mwisho wa jina lake ni wa programu, usiulize, litie karantini. Karantini ni sanduku lililofungwa ndani ya kompyuta, kitu kinawekwa humo kisidhuru. Na kwa kuwa diski za kompyuta kuukuu ni ndogo na hujaa upesi, nikaongeza kwamba karantini ijisafishe yenyewe: kilichokaa humo siku tatu kifutwe kompyuta itakapowashwa. Hakuna aliyeniuliza swali juu ya hilo. Msimamizi mkuu aliangalia, akakubali.

Jumatatu hiyo asubuhi nikaingia karakana, nikaweka toleo jipya kwenye kompyuta ya fundi, nikamtania, nikatoka.

Jumanne nilipofungua duka, kiti changu kirefu cha kaunta hakikuwepo. Nikajua fundi ameanza utani. Nikachukua katoni mbili za karatasi, nikazipandanisha, nikakaa. Mchana fundi akapita, akaniona nimekaa juu ya katoni, akasimama kama anayengoja kitu. Mimi nikamwonyesha meno.

"Unakaa vizuri?" akauliza.

"Kama malkia."

"Huna la kuniambia?"

"Sina, babu."

Akaenda zake akitikisa kichwa. Jumatano ikawa vile vile, isipokuwa hakucheka. Nikadhani utani wake umekomaa tu, anataka nishindwe mapema. Nilisikia pia kwamba karakana iko kimya, mashine haipigi, nikasema moyoni pengine amepumzika.

Alhamisi mchana akaingia dukani na kusimama mbele ya kaunta, kofia mkononi.

"Basi nimeshindwa mimi," alisema. "Nauliza. Nirudishie michoro yangu."

"Michoro gani?"

"Mwanangu, harusi ni kesho baada ya swala ya Ijumaa. Kanzu nne: bwana harusi, baba yake, ndugu zake wawili. Nimeshinda siku tatu nikingoja uchoke. Umechukua nakshi zangu zote, hata za kwenye flashi, zimepotea huku natazama kwa macho yangu. Utani mzuri, nimeukubali, nikachukua kiti. Sasa yatosha."

Nikamwambia sikuchukua kitu. Akaona sitanii, na nadhani hapo ndipo sote wawili tulipoogopa kwa pamoja.

"Babu, ile michoro huwa unaiweka vipi?"

Akasita. Mafundi wa kudarizi hawaonyeshani nakshi. Nakshi ya shingo ya kanzu ndiyo jina la fundi, na flashi ikipita kwenye steshenari, steshenari ya mtu mwingine, si yangu, kesho yake nakshi inauzwa mtaa wa pili. Akainama, akaninong'oneza ingawa tulikuwa peke yetu. Michoro yote huificha. Tena kila mmoja huubadilisha mwisho wa jina, uonekane ni programu, ili mwizi aogope kuufungua. Akitaka kudarizi anaurudisha, akimaliza anauvika tena.

Yaani ameificha vile vile ambavyo kirusi hujificha. Na mimi nilikuwa nimeiambia programu isiulize.

Nilitazama saa ya ukutani. Siku tatu zilikuwa zimetimia asubuhi ile.

"Kompyuta umeiwasha leo?"

"Sijaiwasha tangu Jumatatu jioni. Niliizima nikasema sitaigusa mpaka Mnyamwezi anyooshe mikono."

Nilitaka kumkumbatia. Kiburi chake ndicho kilichoilinda michoro. Angewasha tu leo, ingefutika kabla picha haijatokea kwenye kioo. Lakini hata mimi nisingeweza kuiwasha. Nilimweleza hivyo, nikamweleza pia kwamba kosa ni langu, si la mashine. Na moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: michoro ikipotea, nitaandika kuirudisha dhamana niliyopewa. Mtu aliyemwangamiza mteja wake wa kwanza hana haki ya kushika mlango wa watu asiowajua. Na nikiachia mimi, mfumo wa zamani umeondolewa, hakuna mwingine aliyejitokeza.

Dawa ilikuwa kuitoa diski ndani ya kompyuta yake ikiwa imezimwa, na kuisoma kwa kompyuta yangu, ambayo inatumia mfumo huria na isingeihesabia siku zake. Tukafunga duka. Karakanani nikalifungua sanduku la kompyuta; ndani mlikuwa na vumbi na nyuzi za rangi zote, kama kiota cha ndege aliyeishi harusini. Nikafungua skrubu nne za diski. Fundi alinishikia tochi kwa mikono miwili.

Dukani niliiunganisha kwa waya. Ikaunguruma. Karantini ilikuwepo, na ndani yake vifurushi vimepangana, majina yamegeuzwa kuwa tarakimu tupu. Nikafungua cha kwanza, nikakirudishia umbo lake. Kwenye kioo ikajitokeza nakshi ya shingo, mizunguko ndani ya mizunguko, nyuzi za dhahabu.

Mara kioo kikawa cheusi. Fundi alikuwa amekifunika kwa kofia yake.

"Fumba macho," alisema.

"Babu!"

"Fumba. Hii ni mkia wa tausi, hajawahi kuiona mtu kabla ya kuvaliwa."

"Nikifumba macho nitafunguaje zilizobaki?"

Akafikiri. "Fungua, lakini usitazame."

Basi nikafungua moja baada ya nyingine huku nimegeuza uso ukutani, na yeye akichungulia chini ya kofia na kuzipokea kwa majina kama watoto waliorudi kutoka jando: "Mbegu za papai, alhamdulillahi! Kidevu cha bibi! Njia ya siafu! Hii niliisahau, hii!" Sauti yake ilikuwa inapanda kila inapofunguka nyingine, na watu waliopita nje walisimama kusikiliza duka lililofungwa linashangilia. Haukukosekana mchoro hata mmoja. Mimi nilikuwa nacheka na ukuta, machozi yananitoka.

Akachukua michoro yake, akaenda kuwasha mashine. Toleo langu nilikuwa nimeliondoa kwenye diski kabla ya kuirudisha ndani ya kompyuta yake.

Mdogo wangu nilimpigia jioni ile kumweleza.

"Sasa si umeshapata kila kitu?" alisema. "Rekebisha kimya kimya. Nani atajua?"

"Mwenye mashine kama ya fundi, kule nisikokujua, ambaye hana kiburi cha kuizima siku tatu."

"Haya," alisema. "Tangulia, mimi nasahihisha."

Tukaandika mahali pa wazi, ambapo wote wanasoma: kwamba amri ni yangu, kwamba toleo lile mtu asilitumie kwenye mfumo wa zamani, na aliyekwisha kuliweka asiwashe kompyuta kabla ya kutoa diski. Nikatuma rekebisho. Programu sasa hailiweki karantini faili la namna hiyo bila kumuuliza mwenyewe, na karantini haijisafishi bila ruhusa, hata diski ijae mpaka ipasuke.

Kabla sijafunga, fundi akaja. Alikuwa amesikia kwamba kuna mahali pa kulalamika, naye alitaka lalamiko lake liandikwe, kwa maneno yake.

"Andika: Nyinyi wenye programu, mlimpa Mnyamwezi ufunguo wa ghala mkategemea nini? Hawa tuliwajua tangu safari za miguu. Ukimwambia beba anabeba, hata kisichokuwa chake. Mimi siku tatu nimekaa kama mjane. Nataka afungwe kamba kwenye kaunta yake asiguse kitu bila kuuliza."

"Babu, hawataelewa."

"Tafsiri, usipunguze."

Sikupunguza. Mdogo wangu alisahihisha akicheka mpaka simu ikamponyoka.

Ijumaa asubuhi nilikuta jibu la msimamizi mkuu, refu kuliko yote aliyowahi kuniandikia. Rekebisho amelipitisha, wengine wawili wamelijaribu, na onyo langu ameliweka juu kabisa ya ukurasa. Akasema amri ile aliisoma yeye pia na hakuiona kasoro, kwa hiyo tusigombanie kosa. Kisha, kwa maneno ya upole sana, akauliza kama niko salama. Yule mlalamikaji ametumia lugha ya kunidhalilisha mimi na kabila langu. Je, ningependa azuiwe asiandike tena?

Nilisoma hapo mara mbili, nikaweka kichwa kwenye kaunta. Nikamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba huyo ni mtani wangu, kwamba wazee wake na wangu walitembea njia moja na kutukanana ndiko kulikowafikisha, na kwamba siku akiacha kunitukana ndipo nitakapoomba msaada. Baada ya muda kidogo akaandika kwamba sasa anaelewa, au anadhani anaelewa, na kwamba hata yeye ana shemeji wa namna hiyo. Kwenye orodha ya toleo linalofuata, mbele ya mfumo wa zamani, pale palipokuwa na alama ya kuondolewa, akaandika kwamba unatunzwa. Akabakiza jambo moja ili aifunge kesi. Kwa utaratibu wao, mlalamikaji lazima aulizwe kama ameridhika.

Nikaenda karakana. Mashine ilikuwa inapiga sindano zote, kanzu ya nne iko kwenye fremu, dhahabu inapanda shingoni. Tatu zilikuwa zimekunjwa tayari, na kijana wa upande wa bwana harusi alikuwa amesimama mlangoni kuzichukua. Fundi hakuinua kichwa.

"Babu, wanauliza umeridhika?"

"Wanaouliza ni nani?"

"Wenye programu. Usipojibu kesi haifungwi."

Aliitazama nakshi ikijifunga, akakata uzi, akapuliza vumbi la pamba.

"Waambie sijaridhika," alisema. "Waambie sijaridhika hata kidogo, lakini mashine inadarizi. Na lile toleo lako jipya, njoo uliweke Jumatatu. Safari hii nitakaa hapa hapa nikikuangalia mikono."

Nikaandika vile vile, neno kwa neno, na kesi ikafungwa.